Chai ya tangawizi na mchaichai kwa mwenye mafua: vipimo, hatua na makosa yanayoiharibu

Baridi ikianza kuuma au mvua zikishika, maswali huwa yaleyale. Tangawizi kiasi gani? Ichemke kwa muda gani? Asali inaingia lini? Mbona yangu imekuwa chungu? Na mtoto je, anaruhusiwa? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kupika, ili uweze kwenda nao jikoni hata kama kichwa kinagonga na pua imeziba.

Tuelewane jambo moja kwanza. Chai hii haiui virusi vya mafua. Mafua huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, na dawa za kuua bakteria kama amoksisilini haziyagusi. Kazi ya chai ni kulainisha koo linalowasha, kulegeza makamasi, kurudisha maji mwilini na kumpa mgonjwa joto la kumwezesha kulala. Kwa mtu aliyekesha akikohoa, hiyo si kazi ndogo.

Jambo la pili ndilo linalowashinda wengi: viungo hivi havipikwi kwa mkupuo mmoja. Vipo vinavyotaka moto wa muda mrefu, vipo vinavyotaka moto kidogo, na vipo visivyotaka moto kabisa. Ukivitupa vyote sufuriani na kuvichemsha nusu saa, unapata maji machungu yasiyo na harufu. Nyumba nzima ikinukia, jua ile harufu imeshatoka kwenye chai yako.

Andaa hivi kabla ya kuwasha moto

Vipimo hivi vinatoa vikombe 3 vya mililita 250, maana maji mengine yatapotea kwa mvuke.

- Maji safi lita 1
- Tangawizi mbichi gramu 30, yaani kipande kinachozidi kidogo kidole gumba cha mtu mzima kwa urefu na unene
- Mchaichai, majani mabichi 4 marefu
- Mdalasini wa kijiti, kipande 1 chenye urefu wa kidole
- Karafuu 4
- Pilipili manga punje 6
- Iliki 2, ukipenda
- Ndimu 2 au limau 1
- Asali, vijiko 2 vya chai kwa kila kikombe
- Sufuria yenye mfuniko, kinu na mchi, chujio, na chupa ya chai

Sukari si lazima. Majani ya chai nayo si lazima, na kwa chai ya usiku ni afadhali yasiwepo, kwa sababu yana kafeini na mgonjwa anahitaji usingizi. Ukiyataka mchana, weka nusu kijiko cha chai dakika 2 tu kabla ya kuzima moto.

Sokoni, chagua tangawizi iliyokomaa: ngozi ngumu, nzito mkononi, ukiivunja inakatika kwa mlio na nyuzi zinaonekana. Tangawizi changa ina maji mengi na ukali mdogo. Kwa kachumbari inafaa, kwa mafua utahitaji karibu mara mbili yake. Iliyonywea, inayobonyea au yenye ukungu wa kijani kwenye maungio iache. Kama una unga wa tangawizi kavu tu, tumia kijiko 1 cha chai kisichojaa kwa lita moja. Usidhani unga ni mpole. Tangawizi ikikaushwa ukali wake huongezeka.

Mchaichai wengi wanao uani, na hapo pana mtego. Kuna jamii ya mchaichai inayopandwa kufukuza mbu, inayofanana nao sana, ila shina lake upande wa chini lina wekundu na harufu yake inakaribia ile ya sabuni. Huo si wa chai. Wa chai una shina jeupe linaloelekea kijani, na jani ukilisugua kiganjani linanukia limau moja kwa moja. Usichume ulioota kando ya mtaro wa maji machafu.

Mdalasini ununue wa magome. Wa unga hugeuka ute kwenye maji ya moto, chai ikawa kama mlenda na chujio likaziba. Karafuu nzuri, za Unguja na Pemba au kwingineko, zina kichwa juu ya kikonyo, na ukizibonyeza kwa ukucha zinaacha mafuta kidogo. Zilizobaki vijiti vitupu zimepoteza sehemu nzuri ya harufu.

Asali ndiyo inayoghushiwa sana, na majaribio ya mtaani ya kuiwasha kwa kiberiti au kuidondosha kwenye maji hayathibitishi chochote. Nunua kwa mtu unayemwamini. Asali iliyoganda chupani si lazima iwe imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda zikikaa. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, italegea. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu. Ukiitumia, punguza ndimu.

Hatua

1. Osha tangawizi kwa kuisugua ili udongo wa kwenye maungio utoke. Si lazima kuimenya. Ukitaka kuimenya, tumia ukingo wa kijiko badala ya kisu. Kijiko kinaondoa ngozi tu, kisu kinaondoka na nyama.

2. Kata tangawizi vipande vitatu au vinne, uvitwange kwenye kinu mpaka nyuzi zichanike na maji yaanze kung'aa chini ya kinu. Ishia hapo. Ukiendelea mpaka iwe rojo, au ukiikwaruza kama karoti, chai itakuwa na tope na ukali wake utakwaruza koo ambalo tayari lina kidonda. Ukiikata slaisi tu bila kuitwanga, ukali mwingi utabaki ndani. Huna kinu? Ponda kwa ubapa wa kisu kikubwa au kitako cha kikombe cha chuma.

3. Kwenye kinu hichohicho, ipige pilipili manga mara moja au mbili ipasuke. Iliki ifungue ganda. Karafuu ziache nzima.

4. Mimina maji ya baridi sufuriani, weka tangawizi na mdalasini, funika, washa moto. Kuanza na maji ya baridi kunawapa hawa wawili muda wa kutoa ladha polepole. Yakichemka, punguza moto mpaka uone vipovu vidogo vikipanda pembeni mwa sufuria, kisha acha dakika 12. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kadhaa au yafunike kwa majivu. Moto mkali utakausha maji kabla tangawizi haijaiva.

5. Funua, weka karafuu, pilipili manga na iliki, funika tena. Dakika 5. Usizidishe karafuu, na usiziache zichemke tangu mwanzo. Mafuta yake yanatia ganzi, ndiyo sababu watu huweka karafuu kwenye jino linalouma. Nne zinatuliza koo. Kumi zinaufanya ulimi ufe ganzi na chai iwe na ladha ya dawa ya meno.

6. Wakati huo, chukua majani ya mchaichai yaliyooshwa, yakunje pamoja na kuyafunga fundo, kisha lisokote fundo hilo kwa mikono miwili mpaka lilie. Fanya taratibu, kingo za majani zinakata vidole. Kufunga fundo kunasaidia mawili: majani yanapondeka bila kukatwa vipande vinavyopenya chujio, na unayatoa yote kwa mkupuo.

7. Zima moto. Tumbukiza fundo la mchaichai, likandamize lizame, funika, subiri dakika 7. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuuchemsha mchaichai pamoja na tangawizi. Harufu yake huruka haraka. Baada ya robo saa ya kuchemka inabaki ladha ya nyasi. Mchaichai mkavu ndio unaohitaji moto kidogo, basi uweke dakika 3 kabla ya kuzima.

8. Chuja chai yote papo hapo, hata ile usiyokunywa sasa, na uiweke kwenye chupa ya chai. Usiache machicha ndani ya chupa. Yataendelea kutoa uchungu saa nzima. Chai iliyotoka sawa ina rangi ya majani makavu inayokaribia dhahabu, na ukiinusa unapata mchaichai kwanza, tangawizi baadaye.

9. Mimina kikombe kimoja, subiri dakika 8 hadi 10. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzijoto 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na Afrika Mashariki yetu ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Chai ya kuunguza haitibu mafua kwa kasi zaidi. Kama inabidi uifyonze kwa mlio ndipo ipite mdomoni, bado.

10. Sasa kamulia nusu ndimu, weka vijiko viwili vya chai vya asali, koroga. Ndimu kwanza, asali baadaye, kwa sababu unaonja uchachu ndipo unajua utamu gani unatosha. Usichemshe ndimu na maganda yake. Maganda yanatoa uchungu, na joto la muda mrefu linapunguza vitamini C. Asali nayo ukiichemsha unaiondolea harufu uliyoilipia.

11. Kunywa kidogo kidogo, pua ikiwa juu ya kikombe. Ule mvuke nao ni sehemu ya nafuu. Vikombe 3 kwa siku vinatosha kwa mtu mzima, cha mwisho kiwe nusu saa kabla ya kulala, asali ikae kooni. Maji ya kawaida na supu viendelee.

Ukitaka ya maziwa

Maswali mengi yanakuja hapa, kwa sababu maziwa yanakatika na watu wanalaumu ng'ombe. Mara nyingi kosa ni la mpangilio. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kimeng'enya hicho kinakufa kwa kuchemshwa. Kwa hiyo chemsha tangawizi kwenye maji nusu lita kwa dakika 10 kamili, ndipo uongeze maziwa nusu lita, yachemke mara moja, uzime. Ukiweka tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, utapata mtindi wa moto. Na chai ya maziwa haiwekwi ndimu hata tone.

Watoto

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi chai yoyote, hata ya kijiko kimoja. Ni maziwa ya mama tu, na umnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Chini ya mwaka 1, asali ni marufuku, hata ya kulamba, hata iliyochanganywa kwenye uji. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mkubwa unazimudu, lakini kwa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuipika kwenye chai hakuziui. Tunasisitiza hili kwa sababu bado kuna nyumba ambazo asali ndicho kitu cha kwanza kuwekwa kwenye ulimi wa mtoto.

Kuanzia mwaka 1 hadi 5, pika nyepesi: tangawizi gramu 10 kwa lita moja, mchaichai kama kawaida, bila karafuu wala pilipili manga wala majani ya chai. Mpe nusu kikombe ikiwa vuguvugu, na asali nusu kijiko cha chai hadi kijiko 1. Akiikataa, usimlazimishe, asali hiyo peke yake kabla ya kulala inasaidia kikohozi.

Wa kuangalia kabla ya kunywa

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia apunguze tangawizi iwe gramu 10, aache pilipili manga na ndimu, na asinywe tumbo likiwa tupu. Mwenye kisukari aihesabu asali kama sukari, kwa sababu ni sukari. Chai bila asali bado inafaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, aulize daktari wake kabla ya kunywa tangawizi kila siku. Mjamzito anaweza kutumia tangawizi kwa kiasi cha chakula, kikombe kimoja au viwili vyepesi, na amweleze mhudumu wa kliniki.

Usiongeze majani ya mkaratusi wala mafuta yake kwenye chai ya kunywa. Mafuta hayo yakinywewa ni sumu, na kwa mtoto kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru. Wanaojifukiza kwa nyungu nao wasimwingize mtoto chini ya blanketi na sufuria ya maji ya moto. Ikipinduka, mafua yanageuka majeraha ya moto.

Ikienda kombo

*Chungu.* Chunguza kwa mpangilio huu: maganda ya ndimu yamechemka, karafuu zimezidi, au machicha yamebaki kwenye chupa. Uchungu ukishaingia hautoki; ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa kila kikombe. Usiufukuze kwa sukari.

*Kali mno, inawasha koo.* Tangawizi ilipondwa sana au ulitumia unga bila kupima. Iongeze maji ya moto, kisha asali. Wakati mwingine ukali ni wa pilipili manga iliyosagwa kuwa unga, ipasue tu.

*Haina ladha, kama maji ya kuoshea kikombe.* Tangawizi changa, au haikutwangwa, au sufuria haikufunikwa. Irudishe jikoni na kipande kingine kilichopondwa, dakika 8, halafu weka mchaichai mpya moto ukishazimwa.

*Inateleza kama mlenda.* Mdalasini wa unga. Ipitishe kwenye kitambaa safi cha pamba, na mara nyingine tumia gome.

*Masimbi meupe chini ya chupa.* Huo ni wanga wa tangawizi. Hauna madhara, mimina taratibu, mwisho uuache.

*Imebaki mpaka kesho.* Iliyochujwa, bila ndimu wala asali, inakaa kwenye friji siku 2. Pasha kiasi unachokunywa. Iliyolala mezani usiku kucha kwenye joto, mwaga.

Sufuria iwekwe pembeni, twende kituo cha afya

Mikahawa ya Nairobi inauza kinywaji cha tangawizi, ndimu na asali kwa jina la "dawa", na jina hilo linawapotosha baadhi ya watu wakabaki nyumbani wakinywa chai wakati ugonjwa ni mwingine. Mafua yenyewe huleta homa ndogo au yasilete kabisa. Ukiwa na homa kali, kutetemeka au maumivu ya viungo, na unaishi au umetoka kwenye eneo lenye malaria, pima malaria siku hiyohiyo. Usisubiri chai ifanye kazi.

Kwa mtoto, hesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima ukitazama saa. Pumzi 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: hiyo ni dalili ya nimonia. Kadhalika kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea. Mpeleke hata kama ni usiku.

Kwa mtu mzima, nenda ukibanwa na pumzi, ukikohoa damu, au homa ikivuka siku 3. Na kikohozi kikifika wiki 2, pimwa kifua kikuu. Beba chai yako kwenye chupa uinywe foleni, lakini makohozi yapelekwe maabara.